Tumbo la Mtunzi

Siku ile mjinga alikuwa yeye, Mtunzi, na hilo hata mwenyewe halipingi. Wengine walichangia, ndiyo. Mtangazaji alimpamba mno, chai ya studio ilikuwa na sukari ya kumwaga, na kile kiti alichopewa kilikuwa cha kuzunguka. Mtu aliyezoea kukalia stuli yenye mguu mmoja mfupi, ukimpa kiti cha kuzunguka, lazima aropoke.

"Mchezo wa *Nyumba ya Mama Kengele* umeshika mji," mtangazaji alisema, ameinamia kipaza sauti kama anakinong'oneza siri ya ukoo. "Wauza mkaa wanarudia maneno yake, walimu wanarudia, hata mama mkwe wangu ananitupia. Sasa tuambie leo, Mtunzi. Maneno yale unayatoa wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa moja, fupi, na halisemeki hewani. Mtunzi akajizungusha kidogo kwenye kiti.

"Unajua, kipaji hakina saa," alisema. "Mimi hunijia alfajiri. Napanda kile kilima cha tangi la maji, nakaa peke yangu, nafumba macho. Upepo ukivuma, unakuja na maneno. Mimi ni kalamu tu, ndugu yangu. Anayeandika ni upepo."

"Upepo!" Mtangazaji alishusha pumzi. "Wasikilizaji, mmesikia wenyewe?"

Walisikia. Uongo wa nyumbani una kuta za kuuzuia. Wa redioni ukishatoka umetoka. Na kile kilima Mtunzi hakuwahi kukipanda hata siku moja. Alikijua vizuri kwa sababu kilionekana, chote na tangi lake, kupitia kidirisha cha choo chao.

Kisha mtangazaji akacheza kipande cha mchezo wa juma lililopita, kile kilichovunja watu mbavu. Sauti ya Mama Kengele ikajaa studio, ikimwambia mumewe: "Hata kiatu chako kimechoka kukunyamazia. Si unaona kimefungua mdomo!"

Mtunzi alicheka pamoja na mtangazaji, akashukuru, akatoka. Njiani alinunua mkate mkubwa kuliko wa kawaida, kama mtu aliyefanikiwa.

*

Mkewe alikuwa anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Watu walimwita Mama Unga, kwa sababu alirudi nyumbani jioni akiwa na nyusi nyeupe kama ajuza, na kwa sababu hawakuthubutu kumwita jina lingine. Sauti yake ilikuwa imekulia mbele ya injini. Akikuuliza kama umekula, nyumba ya tatu walijibu wameshiba. Na alikuwa na mdomo. Si mdomo wa matusi. Mdomo wa kukata. Alikuwa anaweza kumtazama mtu mara moja, akasema neno moja, na mtu huyo akatembea nalo mpaka uzeeni.

Mchezo wa redio, huo ambao mumewe alikuwa akiuandika, hakuwahi kuusikia. Saa ya mchezo ndiyo saa ya foleni kubwa mashineni, na mashine ikinguruma hata radi haisikiki. Wateja ndio waliomsimulia. "Mama Unga, jana Mama Kengele kamwambia mumewe, 'Ukisema unarudi sasa hivi, nikuachie mlango wazi au niandike wosia?'" Naye hucheka, hujipiga paja, unga ukapaa. "Huyo mwanamke ana akili sana," husema. "Natamani siku moja nikutane naye."

Siku ya mahojiano, mkanda wa mashine ulikatika. Mama Unga akarudi nyumbani mchana, akawaita majirani wawili waje wamsikilize mumewe, akawapa viti vizuri, yeye akasimama. Kwa hiyo Mtunzi alipofungua mlango, mkate kwapani, aliwakuta hivi: majirani wameshaondoka, tena kwa haraka, maana kikombe kimoja kilikuwa bado kinatoa moshi, mama yake mzazi, Bibi, kwenye mkeka anachambua maharage, binti yake, bado na sare za shule, amebana kona, na mkewe kwenye kiti cha wageni, mikono juu ya magoti.

"Karibu, Bwana Upepo," mkewe alisema.

"Umenisikia?" Mtunzi alitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeshaanza kutafuta mlango.

"Nimekusikia. Majirani wamekusikia. Kiatu chako nacho nimekisikia. Tumbo linaendeleaje?"

"Tumbo lipi?"

"Hilo linalokushika kila nikifungua mdomo."

Mambo yalikuwa hivi. Kila Mama Unga alipopandisha sauti, iwe kwa ajili ya bomba linalovuja, iwe kwa ajili ya mlango usiofungika, Mtunzi alikuwa akishika tumbo, anajikunja kidogo, anasema "samahani mke wangu," na kukimbilia chooni. Huko alikuwa na kipande cha penseli kwenye ufa wa ukuta. Alikuwa anaandika upesi kabla maneno hayajapoa, juu ya chochote: bahasha, kisanduku cha kiberiti, siku moja nyuma ya risiti ya maji. Kisha anavuta maji kwa heshima na kutoka na uso wa mgonjwa.

Na mkewe alikuwa na huruma. Alimpeleka zahanati, daktari alimbonyeza tumbo mpaka daktari mwenyewe akaomba radhi. Alipoona hospitali imeshindwa, akaanza kumchemshia mizizi, michungu kiasi kwamba paka wa jirani alihama. Mtunzi alikuwa akiinywa. Kila Jumamosi, kikombe kizima, macho amefumba.

"Nilikuchemshia mizizi!" Mama Unga alisema, na vikombe kabatini vikaitika. "Ukanywa! Ulikunywa dawa ya ugonjwa usiokuwa nao, ili uendelee kuniiba!"

"Mke wangu, si kuiba. Ngoja nikueleze. Mtunzi huokota..."

"Okota huko njiani. Mimi nimedondosha nini?"

Bibi aliweka pembeni jiwe alilolitoa kwenye maharage. "Mwanangu," alisema, "wezi nimewaona. Lakini mwizi anayekubali kunywa mizizi, huyo nimemzaa mimi."

"Na wewe mama ulijua?" Mama Unga aliuliza.

"Nilijua tangu mchezo wa kwanza. Kwani mimi kiziwi? Nilidhani mmekubaliana."

Mtunzi akamgeukia mkewe. Na hapo, Mungu amsamehe, mkono wake wenyewe ulikwenda tumboni. Mazoea yana taabu. Binti aliona, Bibi aliona, na Mama Unga aliona vizuri zaidi. Akainuka, akaukung'uta unga mapajani.

"Nenda," alisema polepole. "Nenda kaandike. Lakini hilo ndilo la mwisho. Kuanzia leo kwangu utapata salamu, utapata chakula, na utapata 'sawa'. Maneno mengine kayafuate kilimani."

*

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakusema mshindo huo unalala upande gani wa kitanda.

Mwanzoni Mtunzi aliona kama mzaha. Mwanamke yule na kimya? Atapasuka kabla ya Jumapili. Jumapili ikaja, ikapita, na Mama Unga hakupasuka. Alikuwa mpole kama mgeni. "Habari za asubuhi." "Chakula tayari." "Sawa." Kwa Bibi na Binti na wateja aliongea kama kawaida, huko jikoni, mlango umefungwa, na Mtunzi akikaribia alisikia "shhh" na vicheko vikizimwa kama mshumaa.

Mchezo uliofuata ulikuwa unatakiwa. Mtunzi akaanza kuchokoza. Aliacha taulo lenye maji juu ya kitanda. Mkewe akaliokota, akalianika. Aliahidi kurudi sasa hivi, akarudi jua limezama. Alikuta chakula kimefunikwa na mlango uko wazi. Siku moja, aibu imemtoka kabisa, alitia chumvi kwenye kopo la sukari. Mama Unga akakoroga chai yake, akanywa mpaka chini, akaweka kikombe taratibu, akasema, "Asante."

Aliyesahau ni yeye mwenyewe. Kesho yake asubuhi alijitilia vijiko vitatu huku akili iko mbali, akagugumia, na mchana kutwa tumbo likamkata kweli kweli. Akakaa chooni, jasho linamtoka. Binti akagonga mlango.

"Baba, unaandika au unaumwa?"

"Naumwa, mwanangu. Kweli. Mwambie mama."

Hatua zikaenda, zikarudi. "Amesema sawa."

Halafu kikaja kile kiatu. Mtunzi alikivaa makusudi, kile kilichofungua mdomo, akapita nacho mbele ya mkewe mara ya kwanza, mara ya pili. Mama Unga alikitazama. Kiatu nacho kikamtazama. Nyusi zake zikacheza, midomo ikatetemeka, Bibi akaacha kuchambua, na nyumba nzima ikabana pumzi. Mtunzi aliona sentensi ikipanda kooni mwa mkewe, nzima, nzuri, yenye meno. Kisha akaiona ikimezwa.

"Sawa," mkewe alisema, akaenda kufua.

Mtunzi nusura alie. Kitu kizuri vile, kizame hivi hivi.

*

"Maneno yako kila mahali," alijiambia. "Mimi ndiye mtunzi. Naweza kuokota popote." Akaenda kwa kinyozi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akinyamaza. Alikaa pale mpaka akanyolewa mara mbili. Kinyozi aliongea juu ya mpira, juu ya umeme, juu ya shemeji yake aliyeoa tena, juu ya nyembe za siku hizi. Mtunzi akaandika yote. Nyumbani akasoma. Yalikuwa kama maganda ya karanga: mengi, yana umbo, hayana kitu ndani. Kinyozi aliongea kwa sababu mdomo wake ulikuwa hauna kazi nyingine. Mkewe aliongea kwa sababu kuna kitu kilikuwa hakijatengenezwa.

Wazo hilo lilimgusa kidogo, akaliacha lipite. Alikuwa na haraka.

Akafanya alichokuwa hajawahi kufanya. Aliamka alfajiri, akavaa koti, akapanda kilima. Mtu ukisema uongo mbele ya watu wengi wakaupenda, na wewe unaanza kuuonea wivu. Labda kweli upepo una maneno. Labda alikuwa hajajaribu tu.

Juu, kando ya tangi la maji, alikuta watu wamekaa. Mmoja hapa, mmoja pale, kila mtu na karatasi mapajani, macho wamefumba, nyuso wameelekeza upande upepo unakotoka. Mlinzi wa tangi alikuwa ameegemea uzio anapiga mswaki.

"Na wewe mtunzi?" mlinzi aliuliza, povu mdomoni.

"Eee... kidogo."

"Tafuta nafasi. Tangu yule mjinga aseme redioni, hapa hapakaliki. Msiguse bomba tu, na mkimaliza msiache makaratasi."

Mtunzi alikaa karibu na kijana mwenye miwani. Baada ya muda mrefu kijana alifumbua jicho moja.

"Kaka," alinong'ona, "kwako umeshafika?"

"Bado."

"Na kwangu bado. Wanasema lazima usafishe moyo kwanza. Mimi nimeacha kazi dukani ili niusafishe vizuri."

Mtunzi alimtazama kijana akifumba jicho lake tena, kwa imani ile. Upepo ukaja kweli. Ukamchukulia kofia.

Aliandika hata hivyo. Akashuka na kurasa nyingi, akazipeleka studio, waigizaji wakakaa na kusoma. Mwigizaji wa Mama Kengele, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alisoma: "'Ewe mume wangu, maisha ni safari ndefu yenye milima na mabonde, tushikane mikono tuvuke pamoja.'" Akasimama. Akageuza karatasi nyuma, kama mtu anayetafuta mwenye nayo.

"Kaka Mtunzi, samahani," alisema. "Huyu Mama Kengele ana homa?"

"Ameongoka," mwigizaji wa mume alidakia, na wote wakaangua kicheko. Wiki nzima ndicho kicheko pekee mchezo ule ulichokizaa.

Meneja wa vipindi hakucheka. Alimvuta Mtunzi ukumbini. "Tumerudia michezo ya zamani mara mbili sasa. Wenye kiwanda cha sabuni wanaotudhamini wameanza kupiga simu. Niletee Mama Kengele ninayemjua ifikapo Ijumaa, au saa ile nawapa wale wa salamu na miziki. Na wewe, ndugu yangu, kiti kile utakiona kwenye picha."

Saa ile ya redio ndiyo iliyokuwa inamsomesha Binti na kulipia nyumba. Unga peke yake usingetosha. Huo walikuwa wameshaujaribu, miaka ya nyuma, na hakuna aliyetamani kurudi huko.

*

Alikwenda mashineni siku hiyo hiyo. Foleni ilikuwa ndefu, ndoo kwa ndoo, na mashine ilikuwa inanguruma kama imetukanwa. Mama Unga alikuwa amesimama kwenye ukungu mweupe, anamimina.

"Mke wangu," Mtunzi alisema.

Mkewe akaonyesha sikio.

"NIMEKUJA KUZUNGUMZA!"

Akaonyesha tena.

Mtunzi akavuta pumzi, unga ukamwingia, akakohoa, akakusanya nguvu zote. Na hapo hapo Mama Unga, ambaye alikuwa anamaliza ndoo ya mteja, akanyoosha mkono na kuzima mashine. Ndiyo maana foleni yote, na fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, walisikia vizuri kabisa:

"MIMI SITUNGI KITU! MANENO NI YAKO! NILIKUWA NAYAANDIKA CHOONI!"

Kisha mteja mmoja, mama mwenye ndoo ya bluu, akauliza kwa upole, "Yepi hayo, baba?"

"Ya Mama Kengele," Mtunzi alisema. Hakukuwa na pa kujificha tena. Hata tumbo lisingemsaidia. "Mama Kengele ni huyu."

Foleni ikamgeukia Mama Unga. Mmoja akapiga kigelegele, mwingine akasema "nilijua!" ingawa hakujua. Mama Unga hakucheka. Alijifuta uso kwa khanga, akaacha alama mbili safi chini ya macho.

"Unajua kilichoniuma?" alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku zote zile haikuwa "sawa". Sauti ilikuwa ya chini, wateja wakasogea. "Si kuiba. Miaka yote mimi nasema, wewe unainuka unakwenda zako. Nikajua hunisikii. Nikajiambia, nimeolewa na ukuta, basi nitazungumza na ukuta. Kumbe ulikuwa unanisikiliza kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza. Ulisikia kiatu, ukakiandika. Hukukishona. Ulisikia bomba linavuja, ukaliandika, mji mzima umelicheka bomba langu. Na mpaka leo asubuhi limevuja."

Mama mwenye ndoo ya bluu akasema, "Hapo sasa."

Mtunzi alisimama na unga wake kichwani. Akaondoka. Foleni wakadhani amekasirika. Alikwenda kununua washa, vile vipete vya mpira vya kuzuia bomba lisivuje.

*

Jioni ile bomba lilinyamaza. Kesho yake mlango ulifungika. Kiatu alikipeleka kwa fundi, fundi akamwambia kimeshakufa, akanunua kingine. Bibi alitembea nyumbani akijaribu kila kitu kwa kidole, akinuna. "Mtakuja kuandika nini sasa?" alisema. "Mnaharibu kiwanda."

Lakini Mama Unga alikuwa hajaishiwa. Jumatano mchana alivuta stuli ya mguu mfupi, akakaa mbele ya mumewe mezani.

"Andika hapa," alisema. "Mbele yangu. Si huko. Nataka nione unavyofanya."

"Sasa useme."

"Niseme nini? Mtu hasemi tu kama kasuku. Nikasirishe."

Mtunzi alifikiri. "Nimemwambia mama mkubwa aje akae kwetu miezi miwili."

"UMEMWAMBIA NANI?" Na akaanza. Alimtaja mama mkubwa na masanduku yake, na jinsi alivyokuja mara ya mwisho kwa siku tatu akakaa mpaka vifaranga wakawa kuku, na bei ya mchele, na jinsi yule mama anavyolala sebuleni mdomo wazi kama anasubiri posta, na mchele tena, na jinsi Mtunzi asivyojua kusema hapana hata akiulizwa kama anaungua. Mtunzi aliandika mpaka kidole kikafa ganzi. Alipomaliza, Mama Unga alikuwa amevimba.

"Kweli umemwambia?"

"Hapana."

Mama Unga alimtazama. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka, kile kikubwa cha mashineni, na Binti akaja mbio kutoka uani kuona nani amekufa.

"Haya, soma," Mama Unga alisema akijifuta.

Mtunzi hakusoma. Alikuwa anakata. Alipiga mstari juu ya mchele, mara zote mbili. Alipiga mstari juu ya masanduku. Vifaranga akawapeleka mwisho. Mkewe aliinama mezani.

"Mbona unafuta? Hapo palikuwa patamu."

"Patamu, ila panachelewesha. Mtu akisikia mchele anaanza kufikiria mchele wake." Akasoma: "'Ukimwuliza mume wangu kama anaungua, atasema subiri nisikusumbue.'"

Mama Unga alirudi nyuma. "Sikusema hivyo."

"Ulisema. Ila ulisema pamoja na mchele."

Mama Unga alirudia maneno yale polepole, kama mtu anayeonja mboga aliyoikoroga mwenyewe na kuikuta imekolea zaidi. "Kumbe na wewe una kazi," alisema.

"Nilidhani hutasema."

"Usivimbe kichwa. Hapo kwenye 'nisikusumbue' si pazuri. Mtu mwoga hasemi hivyo. Anasema, 'ah, si sana.'"

Mtunzi akaandika: *Ukimwuliza mume wangu kama anaungua, atasema, ah, si sana.* Wakatazamana. Binti, mlangoni, alikuwa ameshacheka.

Ndivyo walivyofanya. Walibishana juu ya kila mstari. Mara alikuwa yeye mwenye haki, mara mkewe, na mara mbili Bibi, ambaye kutoka kwenye mkeka wake alitoa neno lililowanyamazisha wote. Wakati fulani Mtunzi alimkumbuka yule kijana wa kilimani, amefumba macho na kazi ameiacha. Alhamisi alfajiri alipanda tena, akamtafuta, akamwambia, "Mdogo wangu, shuka. Rudi dukani. Keti wanapogombania chenji." Kijana akamkasirikia, akamwambia yeye ni mmoja wa wale wanaovunja watu moyo, hajui lolote juu ya kipaji.

*

Ijumaa walikwenda wote wawili. Mama Unga alivaa gauni lake la arusi za watu wengine, lakini unga ulikuwa umebaki kwenye nyusi. Huo hautoki kwa maji. Meneja wa vipindi alisoma kurasa za kwanza amesimama, akakaa kwa zilizofuata, na kwenye mama mkubwa aliyelala mdomo wazi alilazimika kuvua miwani.

"Huyu ndiye!" alisema, akipiga meza. "Huyu ndiye Mama Kengele! Mtunzi, upepo umerudi!"

"Upepo huu hapa," Mtunzi alisema, akimwonyesha mkewe. "Mchezo ni wa watu wawili. Kabla haujaanza, mtangazaji ataje majina mawili. Lake kwanza. Na malipo mtayakata katikati."

Meneja aliwatazama, akatabasamu kama mtu mzima aliyeambiwa na watoto kwamba mwezi unawafuata. "Mama, sisi tunathamini sana familia za wasanii. Nitafanya hivi. Mwishoni tutasema: shukrani kwa mke wa mtunzi, kwa kumtia moyo."

"Kumtia moyo?" Mama Unga aliuliza. "Muulize kama nimewahi."

"Hajawahi," Mtunzi alisema.

"Sasa nisikilizeni." Meneja akafungua kabati, akatoa bango jipya linalonuka rangi. Mtunzi alikuwa pale, mkubwa kuliko mwili wake, amesimama kilimani macho amefumba, nywele zinapepea. Chini yake maandishi, na chini ya maandishi sabuni. "Mabango haya yameshachapishwa. Wadhamini wameipenda habari ya kilima. Watu wanataka mtunzi wa alfajiri, mtunzi wa upepo. Hayo ndiyo mafanikio, ndugu yangu, watu wengine wanayatafuta mpaka wanakufa. Unataka niwaambie ni mama wa mashine ya unga anayefoka jikoni?"

Mtunzi alilitazama bango lile. Asiseme mtu hakulitamani, alilitamani. Alikuwa mzuri mle ndani, na viatu vilikuwa vizima. Kisha akanyoosha mkono mezani, akazikusanya kurasa zake, akazigonga pembe zikae sawa, akamkabidhi mkewe.

"Waambie hivyo hivyo," alisema. "Au wape wale wa salamu na miziki."

Tabasamu la meneja likaisha. Akamwacha Mtunzi, akamgeukia mwanamke.

"Mama, usimharibie mumeo riziki. Yeye ameandika. Wewe umefanya nini? Umesema tu. Kusema nako ni kazi? Kila mtu anasema! Mtaani kwangu wanasema kutwa. Nikitaja jina la kila anayesema, kipindi kitaishia kwenye majina."

Mama Unga aliziweka zile kurasa kwapani, pale alipozoea kubana gunia.

"Ni kweli, baba, kila mtu anasema," alisema. "Siku zote hizi wewe ulisema, kinyozi alisema, kilimani wakaenda wakasemeshwa na upepo. Aliyenyamaza mji mzima ni mimi peke yangu. Mchezo wako ulikuwa wapi?"